Pilau Haijipiki Yenyewe

Katika toleo lililopita la jarida hili mwenzetu mmoja alitupiga fimbo. Jina lake silitaji. Anajijua, na wengi wenu mnamjua. Aliandika kwamba vijana wa Morogoro wanaojiita waandishi wana ugonjwa wa Desemba. Shule na vyuo vikifungwa tu, wanarundikana kwenye ua wa mtu, wanapika, wanakula, wanapiga gitaa lenye nyuzi nne, wanachorana picha, wanasomeana vijishairi, na Januari ikifika hakuna kilichoandikwa isipokuwa orodha ya madeni ya mkaa. Akatupa dawa mbili. Ya kwanza: anayetaka kuwa mwandishi wa kweli aache soga, apande mlimani peke yake, akae kule Morningside na daftari lake mpaka kitabu kitoke. Ya pili: anayebaki mjini ageuze kipaji chake kuwa fursa, kwa sababu, eti, sanaa isiyoleta hela ni uzururaji uliovaa nguo nzuri.

Nimeisoma makala hiyo mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, maana ile ya mkaa ni kweli tupu. Mara ya pili nilikasirika. Mara ya tatu nikaona kwamba kaka yetu kapotea njia, lakini si pale ambapo washikaji wa maskani wanasema kapotea. Basi nitamjibu yeye, na nikimaliza naye nitawageukia hao washikaji waliokuwa wakimtukana kwa wiki mbili nzima huku wakingoja sahani. Mtanivumilia.

Tuanze na hilo neno, uzururaji. Watu wanalinyunyiza kama pilipili manga, bila kuuliza limetoka wapi. Limetoka pabaya. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na Waingereza iliuweka uzururaji katika makosa, vifungu vya 176 na 177, na kwa vifungu hivyo mtu aliweza kubebwa na polisi kwa kushindwa tu kujieleza vizuri, yupo pale kwa nini na anaishi kwa nini. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Dar es Salaam watu wasio na kazi iliyotambulika walisombwa na kurudishwa vijijini, na katika kusombwa huko walikuwemo wauza karanga na washona viatu, watu waliokuwa wakifanya kazi tangu alfajiri. Waulizeni akina mjomba zenu. Kila ukoo una mmoja aliyepanda gari bila kujua linakokwenda.

Na hapa kwetu Uluguru neno lenyewe lina umri mkubwa zaidi. Mwaka 1950 Waingereza walileta mpango wao wa matumizi ya ardhi milimani. Waluguru wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, eti kuzuia mmomonyoko. Sehemu nyingi matuta yale yalifukia udongo mzuri wa juu na kuleta juu ule wa chini usiozaa kitu, na wenye mashamba waliliona hilo msimu wa kwanza tu. Lakini aliyekataa kuchimba aliitwa mvivu, akapelekwa barazani, akatozwa faini. Julai 1955 watu wa Matombo walikusanyika kusema imetosha. Polisi walipiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango nao ukafa. Hao ndio wavivu wetu. Walijua udongo wao kuliko Bwana Shamba.

Sasa tazameni kichekesho. Ile nyumba ya Morningside ambayo kaka yetu anatutuma tukaandikie vitabu iliwekwa na Wajerumani enzi zao, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, juu kwenye ubaridi, mbali na joto na mbu wa mjini. Mzungu akipanda kukaa kwenye baridi, hayo yalikuwa mapumziko. Mluguru akikaa kivulini mbele ya nyumba yake, huo ulikuwa uvivu. Mlima ule ule, saa ile ile, vitendo vile vile vya kukaa na kunywa kitu cha moto. Tofauti ilikuwa nani amekaa. Ndiyo maana mtu mweusi mwenzangu anapoliokota neno lile na kumpiga nalo kijana mwenzake aliyekaa chini ya mwembe Mafiga, mimi nasikia sauti ya mtu mwingine ndani ya kinywa chake.

Haya, na hiyo sanaa ya starehe isiyozaa? Hapa kaka yetu angeniuliza kabla ya kuandika, ningemsaidia. Huu ndio mji wa Morogoro Jazz, bendi iliyoanza 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, iliyozaliwa 1948. Mji huu mdogo, kasoro bahari, ulikuwa na bendi mbili kubwa zilizowagawa wakazi wake kama mpira unavyowagawa Dar. Jazz za zamani hizo zilianza kama vilabu: vijana wenye kazi zao za mchana, makarani, mafundi cherehani, wabeba mizigo, wakichanga hela ya gitaa na tarumbeta, wakifanya mazoezi jioni na sikukuu. Hamna aliyewaambia "fursa". Salum Abdallah akafa kwa ajali ya gari 1965, bado kijana. Mbaraka Mwinshehe aliyekuja kulipaza jina la Morogoro Jazz, na kwenda nalo mpaka Osaka kwenye maonyesho ya Expo mwaka 1970, alikuta jiko limeshawaka. Wenye kuliwasha walikuwa wapenzi wa muziki wenye muda wa jioni.

Au tuje kwenye fasihi, maana huko ndiko tunakojidai. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, kisha akaenda idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya Tanga, kisha ofisi ya upimaji ardhi. Maisha yake yote ya utumishi kalamu ya mchana ilikuwa ya serikali. Ile nyingine, tunayoisoma mpaka leo, ilikuwa ya saa zilizobaki. Ukizitaja saa zilizobaki unataja jioni, Jumapili na likizo. Unataja zile zile saa ambazo tunaambiwa tuzionee aibu.

Sisemi msilipwe. Nani atakataa mshiko? Leo kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, iliyotoa washindi wake wa kwanza 2023, na kabla yake kuna ile ya Cornell ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014. Mwenye mswada apeleke, apate, atununulie soda. Ninachokataa ni hii dini mpya inayosema kila kitu unachokipenda ukipeleke sokoni siku ile ile uliyokipenda. Binti kajifunza kuchora ua la mkarafuu Jumatatu, Jumanne kaka mmoja keshamuuliza, "Umeshafungua ukurasa? Unauza bei gani?" Ua lenyewe bado halijakaa sawa. Mkono bado unatetemeka. Lakini lazima liwe biashara. Matokeo yake anachora yale tu yanayonunulika: twiga, jua linazama, Mmasai na mkuki wake. Nimeona daftari la rafiki yangu likibadilika hivyo katika miezi mitatu, kutoka nyuso za watu wa Mawenzi sokoni, ambazo ungezitambua mmoja mmoja, mpaka twiga. Alipata hela kidogo, sitabisha. Lakini zile nyuso hakuna mwingine aliyezichora, na wengine katika wale bibi hawapo tena pale kwenye meza zao.

Hiyo ndiyo kazi ya siku za Desemba. Kuna wiki moja na nusu kati ya Krismasi na kufunguliwa kwa shule ambayo haimdai mtu kitu. Waliokwenda Dar wanarudi (na tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 wanafika chini ya saa mbili, hawana tena kisingizio cha foleni ya Chalinze). Mvua za vuli zimeuosha mji. Lupanga asubuhi inaonekana yote, mpaka kilele, halafu saa nne wingu linakuja kukaa juu yake kama mtu anayejifunika kanga. Maembe yameiva mpaka watoto hawayataki. Katika siku hizo mtu anaweza kuharibu kitu bila hasara. Anaweza kuandika sura ya riwaya kwenye kaunta buku, akaisoma, ikachekwa, akaichana, akaanza tena kesho yake. Ukishaingia kwenye fursa huwezi kuharibu, kwa sababu umeshachukua hela ya mtu.

Mpaka hapo nipo upande wa maskani. Washikaji wanapiga makofi, nawasikia.

Sasa tupande mlimani. Kaka yetu anasema peke yake. Ninyi mliowahi kupanda njia ya Morningside saa kumi na mbili asubuhi, semeni ukweli: mlikuwa peke yenu? Njia ile alfajiri ina watu kuliko Msamvu. Wanashuka akina mama kutoka Choma na Ruvuma, wana ndizi kichwani, wana mboga, wana kuni, wana mtoto mgongoni, wanashuka kwa mwendo ambao mimi niliyevaa raba siuwezi hata mikono mitupu. Upande wa pili wa mlima, kule Kinole na Tegetero, mikungu inashuka hivyo hivyo mpaka barabarani. Mgeta inateremsha karoti na njegere. Mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga za pilau yako zimetoka Matombo na Mkuyuni, na kabla ya kuingia gari lolote zimepita juu ya kichwa cha mtu. Kichwa hicho mara nyingi kina kilemba. Na nchi hii, tunajisifu, ni nchi ambayo ukoo unafuata mama na shamba la ukoo linapita upande wa mama! Shamba linapita kwake, mzigo nao unapita kwake.

Mtu anayepanda njia hiyo na kuandika kwamba alikuwa peke yake hakuwa peke yake. Hakuwaona tu. Na mwandishi ambaye hakuona watu hamsini waliompisha njiani huyo atatuandikia nini akifika juu? Ukungu. Tumeshasoma mashairi ya ukungu ya kutosha, mhariri ni shahidi.

Lakini msicheke sana, enyi watu wa Mafiga, maana ninyi nao hamkuona, tena hamkupanda hata mlima.

Nawakumbusha Desemba iliyopita, ua mnaoujua, chini ya mwembe mnaoujua. Tulikuwa tisa, wavulana watano na wasichana wanne. Tulikubaliana kila mtu aje na kitu alichokiandika au alichokitengeneza, na tule pamoja. Mpango mzuri, mimi mwenyewe niliuunga mkono. Saa nne asubuhi mkeka ukatandikwa. Bila mtu yeyote kusema neno, bila amri, bila kura, wavulana watano wakakaa mkekani na wasichana wanne wakajikuta upande wa jiko. Nasema wakajikuta, kwa sababu ndivyo inavyokuwa. Mtu anakuuliza, "Dada, kitunguu kipo?" Unakwenda kutazama. Ukishatazama umeshakuwa mpishi.

Anayejua kupika pilau anajua kwamba haikuruhusu kwenda popote. Kitunguu ukikiacha kidogo kinaungua, ukikiwahi pilau inakuwa nyeupe kama wali wa hospitali. Kitunguu saumu na tangawizi, bizari, nyama, viazi, supu, mchele. Kila kimoja kina dakika yake. Tulikuwa pia na ndizi mbichi za kumenya, chane saba, na ndizi mbichi zina utomvu unaoganda vidoleni mpaka ujipake mafuta kwanza. Jaribu kushika karatasi ya hadithi yako kwa vidole vile. Mkekani kulikuwa kunasomwa. Sisi tulikuwa tunasikia nusu nusu, mstari mmoja unakuja, mwingine unamezwa na kelele za mafuta.

Katika sisi wanne alikuwepo binti mmoja mwenye daftari la kijani. Alikuwa ameandika hadithi ya kurasa kumi na nne, kuhusu mwali anayetolewa ndani na kuwasikia wageni wakimzungumza kama vile hayupo. Mimi nilikuwa nimeisoma usiku wake. Nawaambia bila kutia chumvi, ni kitu bora kuliko vyote vilivyosomwa siku ile, pamoja na changu. Zamu yake ikaitwa. Ikaitwa wakati ambapo maji yamekauka kwenye sufuria na moto unatakiwa kupunguzwa chini na kupaliwa juu. Akasema, "Nakuja, napalia." Alipalia. Akanawa mikono. Alipofika mkekani gitaa lilikuwa limeshaanza, na mmoja wenu akamwambia, kwa upole kabisa, "Utasoma baada ya kula." Baada ya kula kulikuwa na vyombo. Baada ya vyombo kulikuwa na mvua.

Hadithi ile haikusomwa. Haikuingia jaridani, kwa sababu zilizochaguliwa zilichaguliwa katika zile zilizosomwa. Chukueni toleo lile mhesabu majina ya wasichana. Vidole vya mkono mmoja vitabaki. Kisha mtu akaandika tahariri fupi, nayo ilikuwa nzuri, ikiuliza kwa uchungu: dada zetu wako wapi katika fasihi? Jamani! Tulikuwa hatua nane kutoka mlipokaa. Mlikuwa mnatusikia tukicheka.

Nimeshayasikia majibu yenu, kwa hiyo tusipotezeane muda. Mmoja anasema wasichana wanapenda kupika. Ndiyo, mimi napenda. Napenda pia kumsikia mtu akisoma, na napenda kusomewa makofi yangu mwenyewe. Wewe pia unapenda kula, mbona hatukukuacha ule tu bila kusoma? Mwingine anasema wao hawajui kupika, wataharibu. Hilo ndilo linanichekesha zaidi, kwa sababu siku ile ile mlikuwa mnatueleza kwamba Desemba ni siku za kuharibu bila hasara, jaribu, chana, anza tena. Uhuru wa kuharibu shairi mnao. Anzeni kuharibu wali. Wa tatu, na huyu ndiye hatari, anasema haya ni mambo madogo, tuna adui mkubwa nje: wenye kutuita wazururaji. Kaka, adui huyo anasema nini? Anasema kuna watu ambao muda wao una thamani na kuna watu ambao muda wao ni wa kuamriwa. Wewe umekubaliana naye, umehamisha tu mpaka, ukauweka kati ya mkeka na jiko.

Na kuna jambo la majina. Mvulana akichora, kipaji. Akipiga nyuzi nne za gitaa, kipaji. Msichana akifuma kitambaa cha kochi chenye tausi wawili wanaotazamana, kwa sindano moja na bila mchoro wowote mbele yake, akihesabu vifundo kichwani kwa saa sita, hizo ni "kazi za mikono". Mtu akiandika ubeti ambao haueleweki anaitwa mshairi. Yule aliyeketi akatunga maneno sita ya kwenye pindo la kanga, yakagombanisha mawifi kutoka Kichangani mpaka Kihonda, huyo hana jina kabisa. Hata kiwandani hawaandiki jina lake. Mimi nikitafuta watu wa kujifunza kwao kufupisha, siendi kwa mshairi wa mkekani.

Wala msiniambie hakuna mfano. Penina Muhando alizaliwa Berega, mkoa huu huu wetu, mwaka 1948, na tamthilia yake Hatia ilitoka 1972. Mwaka 1975 peke yake Martha Mvungi alitoa Hana Hatia na Ndyanao Balisidya akatoa Shida. Nusu karne imepita. Hao hawakungoja waulizwe wako wapi. Lakini nani anajua ni wangapi wa rika lao waliokuwa na daftari la kijani na moto wa kupalia?

Sasa msije mkadhani nataka tuvunje maskani, au tule mkate na soda ili tusome kwa amani. Hapana, hapana kabisa. Hapo ndipo ninapotofautiana na kaka wa mlimani kuliko mahali popote. Yeye anaona chakula kinaiba muda wa fasihi. Mimi nasema jikoni ndiko penye wahakiki bora kuliko wote mtakaowapata mji huu. Nimekaa tangu utoto kwenye kibao cha mbuzi na kwenye magunia ya njegere za kuambua. Nawajua watu wale. Mtu akisimulia na hadithi yake imelegea, visu vinaendelea: cha, cha, cha. Akifika mahali penye hadithi kweli, kisu kinasimama. Ndizi imemenywa nusu, utomvu unachuruzika, na hakuna anayeona. Hakuna mhariri wa Dar anayeweza kukupa hukumu ya haraka na ya haki namna hiyo, tena bila kukudai nakala tatu zilizopigwa chapa. Na hawadanganyi, kwa sababu hawajui kwamba wanahukumu. Mkisoma mkekani mnasomeana ninyi kwa ninyi, na ninyi mmeshajifunza kutikisa kichwa kwa heshima. Nimeona mtu akitikisa kichwa kwa hadithi aliyokuwa amelala nusu yake.

Kwa hiyo mkeka uhamie jikoni. Ndivyo ninavyodai, si vinginevyo. Sio wasichana wahamie mkekani huku chakula kikiletwa na mama mwenye nyumba au na yule binti wa kazi ambaye hatujawahi kumuuliza kama naye anaandika. (Anaandika. Barua za watu watatu wa mtaa ule anaandika yeye.) Wote jikoni, wote visu mkononi, na anayesoma ndiye peke yake aliyeruhusiwa kuwa na mikono mikavu. Akimaliza anapokea kisu kwa yule atakayesoma baada yake. Moto ukitaka kupaliwa katikati ya hadithi, anakwenda kupalia mtu aliyekwisha kusoma. Wali ukiungua, tutakula ulioungua. Tumekula mashairi mabaya kuliko huo.

Na kaka wa mlimani naye aje. Simfukuzi. Makala yake ilikuwa na mistari mizuri na ujasiri, na bila yeye nisingeandika hii. Aje na hadithi yake ya Morningside, aisome karibu na masufuria, tuone visu vitafanya nini. Ila mkaa safari hii unachangwa kabla, kwa kichwa, wavulana kwa wasichana sawasawa, na daftari la madeni nitalishika mimi.

Basi sikilizeni. Tarehe 27 Desemba, saa tatu asubuhi, ua ule ule, mwembe ule ule. Njoo na kisu chako, usitegemee vya mama mwenye nyumba. Ndizi tutazinunua njiani kwa wale wanaoshuka kutoka mlimani, kwa bei watakayoitaja wao, na asionekane mtu wa kupunguziwa. Wavulana watano wa mwaka jana mmegawiwa hivi: wawili ndizi, mmoja mchele wa kuchambua, mmoja nyama, mmoja maji ya bombani. Kaka wa mlimani, wewe vitunguu, kilo mbili. Atakayesoma wa kwanza ni binti mwenye daftari la kijani, kurasa zote kumi na nne, na moto hauwashwi mpaka amalize.